Mama si jajuok: nini hasa huleta dimensia?

#1 Nyar_Seme (Kisumu)

Hamjambo wote. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mama yangu ana miaka 74. Yuko Seme, anaishi na mjukuu wa darasa la saba na kijana wa kuchunga ng'ombe. Aliuza omena soko la Kibuye miaka ishirini na zaidi, na hesabu yake haikuwahi kuhitaji kalamu. Ulikuwa ukimwambia "gorogoro tatu na nusu, toa deni la Jumamosi", hujamaliza kusema chenji iko mkononi mwako.

Mwaka juzi alianza kuuliza swali moja mara nne kabla chai haijapoa. Tukacheka. Akaficha simu ndani ya debe la unga. Tukacheka, ila kidogo. Tangu Aprili sasa ni mambo ya usiku. Jua likishazama anakuwa mtu mwingine: anafunga leso, anasema anakwenda nyumbani, na hapo alipo ndipo nyumbani. Majuma mawili yaliyopita, saa nane za usiku, alikutwa kwenye boma la jirani akiwa na kamisi tu, anasukuma mlango. Jirani akapiga mayowe. Kulipokucha kijiji kilikuwa na jibu tayari: mama yule ni jajuok.

Kwa msio wa huku, jajuok ni mtu wa kukimbia usiku, anayetikisa milango ya watu na kurusha mchanga juu ya mabati. Mchana watu humfanyia mzaha. Usiku akishikwa hakuna mzaha. Kisii mnakumbuka: Mei 2008 watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 kule Marani wakauawa akina mama wanne wazee. Sitaki kungoja. Nimemleta kwangu Migosi, mlango una kufuli mbili.

Nilimpeleka kituo kimoja, sitakitaja. Aliyetuhudumia alitazama mwaka wa kuzaliwa, hakumgusa hata mkono, akaandika neno moja, dimensia, akaniambia ni uzee nizoee. Nimekuja na swali moja tu. Hiyo dimensia inaletwa na nini? Maana "uzee" sikubali. Nyanya yangu alikufa na miaka 93 akiwa bado anatuhesabia mbuzi.

#2 Omwami_Mtulivu (Kakamega)

Pole sana dada. Kwetu wangesema omulosi. Neno tofauti, kiberiti ni kile kile. Umefanya vyema kumtoa huko.

#3 Jabilo_wa_Mjini (Kisumu)

Hospitali mtazunguka bure. Mzee akitoka usiku kuna kitu kinamwita. Hiyo ni chira, kuna mtu alivunja mwiko kwenye hilo boma. Nina mizizi, niandikie pembeni.

#4 Sista_wa_Zamu (Kisumu)

Jabilo, mizizi yako ikalie.

Nyar_Seme, nijibu mambo matatu. Kwanza, hali hii ilikuja polepole, au kuna siku mlilala salama mkaamka na mtu mwingine? Wodini kwetu huletwa wazee "waliopagawa" kila juma, na ukiwapima unakuta malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au chumvi ya damu iliyoshuka. Ubongo wa mzee ni koroboi, upepo mdogo tu unaupepesa. Hiyo huitwa deliriamu. Huja kwa saa au kwa siku, inapanda na kushuka, asubuhi anakusalimu vizuri na mchana hakujui, hawezi hata kutaja siku za juma akirudi nyuma. Ni dharura, si ya kungoja kliniki ya Jumatano.

Pili, anameza dawa gani? Zote, hata za dukani.

Tatu, ameanguka?

#5 Nyar_Seme

Polepole, miaka miwili. Dawa ni ya presha na ya sukari, metformini, tangu 2013. Mjukuu ameniambia kuna na kidonge kidogo cha manjano anachomnunulia dukani akikosa usingizi, Piriton, kila usiku. Kuanguka mama hasemi, lakini mjukuu anasema aliteleza kisimani mwezi wa tatu. Miguu inamwasha na kufa ganzi. Masikio mazito tangu zamani.

#6 Sista_wa_Zamu

Metformini zaidi ya miaka kumi, na ganzi miguuni. Mwiteni Mzee_wa_Kuku.

#7 Mzee_wa_Kuku (Nakuru)

Nimeitwa, nimeitika. Nilikuwa afisa wa kliniki miaka 34, mingi hapa Nakuru, michache Busia. Sasa nafuga kuku na kusoma mabishano yenu.

Dada, aliyeandika "dimensia" hakukosea neno, alikomea njiani. Hilo ni jina la dalili, kama homa. Mtu akija na homa humwandikii "homa" ukamrudisha kwao, unatafuta kama ni malaria, taifodi au mapafu. Kusahau kunakomfanya mtu ashindwe kupika, kuhesabu pesa au kuijua njia nako kuna mwenyewe.

Mimi siku zote nilianza na wale wanaofukuzika. Si wengi, lakini ukimpita mmoja umemzika mtu akiwa hai.

Wa kwanza kwa mama ni upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii iko kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai, na tumbo lazima liwe zima ili liifyonze. Metformini ikitumika miaka mingi hupunguza huko kufyonza. Ikikosekana, gamba linaloifunika neva huharibika: miguu inakufa ganzi, mwendo unayumba, kumbukumbu inaondoka, na haya yanaweza kutokea hata kabla damu haijapungua. Kipimo ni cha damu, tiba ni sindano. Nilipoona metformini na ganzi kwenye ujumbe mmoja niliwaacha kuku na njaa.

Pamoja na hicho omba TSH, kipimo cha tezi ya shingo. Tezi ikilala na akili inalala: mtu anakuwa mzito, ngozi inakauka, baridi haimwachi, swali la jana analijibu leo. Omba damu kamili, figo, ini, chumvi, sukari, HIV na kaswende. Najua mtaguna hapo kwenye kaswende. Kabla ya penisilini, kaswende iliyopanda kichwani ilijaza hospitali za wagonjwa wa akili Ulaya nzima. Hukaa kimya miaka kumi, ishirini, halafu inazuka kwa mzee wa kanisa mwenye heshima zake. Kipimo hakijali heshima.

Kile kidonge cha manjano kitupe leo. Ndani yake mna klofeniramini, na dawa hiyo huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kushika mambo. Kijana akimeza anasinzia tu. Mzee akimeza kila usiku anaamka amepotea. Amitriptilini na baadhi ya dawa za kibofu zina tabia hiyo hiyo, ila hizo za daktari usizikate kabla hujamuuliza aliyeziandika. Mnampa mzee alale asizurure, kumbe ndicho kinachomtembeza.

Sasa wasiofukuzika. Mkubwa wao ni Alzheimer. Kwa hesabu za WHO yeye peke yake hubeba asilimia 60 hadi 70 ya dimensia yote duniani. Kuna protini mbili zinazokorofisha: amiloidi, inayorundikana nje ya seli za ubongo, na tau, inayojisokota ndani ya seli hadi inazikaba. Kazi hiyo huanza miaka kumi, hata ishirini, kabla mtu hajaficha simu kwenye unga. Tena mapema kabisa hushika hipokampasi, mahali ambapo mambo mapya huandikwa. Ndiyo maana mgonjwa hajui alichokula asubuhi lakini bei ya omena ya 1988 anayo. Daftari la zamani lipo, kalamu ndiyo imekauka.

Wa pili ni mishipa ya damu, na huyu ndiye ninayemwona huku kwetu kila nikikaa kwenye foleni ya kliniki. Presha isiyotibiwa hukausha mishipa midogo ya ubongo kama tyubu ya baiskeli iliyoachwa juani. Kiharusi kikubwa kila mtu hukiona, mdomo umepinda. Vile vidogo hakuna anayeviona, na kila kimoja kinazima taa ya chumba kimoja. Familia itakwambia, "Alikuwa sawa hadi Krismasi, akashuka, akatulia, Pasaka akashuka tena." Huyu hushuka kwa ngazi. Alzheimer huteremka mlima mdogo mdogo bila kituo. Na kwa watu wa umri wa mama, mara nyingi wote wawili wamepanga nyumba moja.

Nina mengine lakini kuku wanapiga kelele.

#8 Mbishi_wa_Section58 (Nakuru)

Mzee, kwa heshima, hiyo Alzheimer ni ugonjwa wa wazungu wanaowatupa wazee wao kwenye manyumba. Huku kwetu haikuwepo.

#9 Mzee_wa_Kuku

Kijana wangu, jina ni la mzungu, ndiyo. Alois Alzheimer alimpokea mgonjwa wake, Auguste Deter, Frankfurt mwaka 1901, mama wa miaka hamsini na moja. Alipofariki mwaka 1906 akaufungua ubongo wake akaona yale marundo na misokoto. Lakini mmoja wa waliokaa naye maabara kule Munich, kabla hata hajatangaza ugunduzi huo, alikuwa Mwafrika, Solomon Carter Fuller, mzaliwa wa Monrovia, Liberia. Huyo huyo ndiye baadaye, 1912, aliyeandika mapitio mapana ya kwanza ya ugonjwa huo kwa Kiingereza. Kwa hiyo tulikuwemo chumbani tangu mwanzo.

Kuhusu huku, una punje ya ukweli. Watafiti waliwafuata wazee wa Kiyoruba mjini Ibadan, Nigeria, wakawalinganisha na wazee weusi wa Indianapolis, Marekani. Wale wa Ibadan waliugua kwa kiwango cha chini. Cha chini, si sufuri. Zamani wengi wetu hatukufika umri wa kuugua. Baada ya miaka 65, uwezekano huongezeka karibu mara mbili kila miaka mitano. Leo watu zaidi ya milioni 55 duniani wana dimensia, na zaidi ya nusu yao wako nchi kama zetu. Haikuwepo? Ilikuwepo, ilikuwa ikiitwa jajuok.

#10 Mjukuu_wa_Guka (Njoro)

Hiyo ya kuanguka msiipite tu hivyo. Guka wangu alianguka kutoka kwa boda pale karibu na Egerton, akajipangusa, akapanda ingine akaenda nyumbani. Hakuna damu, hakuna nundu. Baada ya kama wiki tano akaanza kulala mchana, kuita watu majina ya marehemu, mguu wa kushoto ukawa unaburuta. Shosho akasema ni uzee umempata mara moja. Ni mjomba, ni mlinzi tu wa hospitali, hajasomea kitu, akasema pigeni picha ya kichwa.

Ilikuwa damu, jameni. Imekaa kati ya fuvu na ubongo kama uji. Walitoboa mashimo mawili ikatoka. Sasa ananishinda drafti na anakumbuka nilimkopa mia mbili.

#11 Sista_wa_Zamu

Mzee akizeeka ubongo hujikunja kidogo, kwa hiyo vile vishipa vinavyovuka kutoka ubongoni kwenda kwenye utando wa fuvu huvutika. Pigo dogo tu linatosha kukikata kimoja, na damu huvuja kidogo kidogo kwa majuma. Mzee anayekunywa pombe au dawa za kuzuia damu kuganda yuko hatarini zaidi. Nyar_Seme, mama aliteleza Machi na usiku ukaanza Aprili. Skani ya CT, ile picha ya kichwa, si ya hiari.

Na mtazame anavyotembea. Kuna ugonjwa wa maji kujaa kwenye mifuko ya ubongo: mtu anatembea kama nyayo zimegundishwa sakafuni, mkojo haungoji, na akili inachelewa. Ukiona hayo matatu pamoja, kuna upasuaji wa kuweka mrija unaoteremsha yale maji tumboni. Wengine husimama wakatembea.

#12 Omwami_Mtulivu

Niseme langu. Baba yangu alikunywa busaa, baadaye chang'aa, baadaye hata chakula akaacha. Siku moja macho yakawa yanachezacheza, anatembea kama yuko kwenye mtumbwi, hajui yuko wapi. Tukasema ni pombe itaisha. Tulingoja siku nne. Daktari aliyempokea alisema ni upungufu wa vitamini B1, akamtia sindano kabla hata ya maji ya sukari. Macho yalirudi. Kumbukumbu haikurudi. Sasa ukimwuliza jana alikuwa wapi anakusimulia safari nzima ya Mumias, na nani alimkaribisha, na mboga gani waliyokula, na jana alikuwa kitandani. Hadanganyi. Ubongo unajaza pengo wenyewe. Zile siku nne bado ninazihesabu.

#13 Mwana_wa_Bungoma (Bungoma)

Sikujua kama kuna mahali pa kusema hii. Baba aliona watoto. Watoto wadogo wamekaa pembeni mwa kitanda, wamenyamaza, na akatuambia tuwape chakula. Hakuwa na hofu nao. Majirani wakasema ni wale pacha wetu waliokufa wachanga. Siku moja ana akili kama wakili, siku ya pili hajui mlango. Mwendo ukawa wa hatua fupi, uso umekauka.

Hospitali moja wakamdunga haloperidoli, dawa ya kutuliza waliochanganyikiwa, awaache hao watoto. Kesho yake alikuwa gogo. Hakumeza, hakugeuka. Tulidhani amekufa macho wazi. Ilichukua majuma kulegea. Mtaalamu wa ubongo Eldoret ndiye aliyetuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: je, usingizini alikuwa akipigana? Mama akacheka kisha akalia. Miaka kumi kabla ya hayo yote baba alikuwa akimpiga mateke usiku akiota anafukuza wezi.

#14 Mzee_wa_Kuku

Mwanangu, pole kwa yaliyompata mzee. Hiyo ni dimensia ya miili ya Lewy. Daktari Friedrich Lewy aliiona hiyo miili mwaka 1912 ndani ya seli za ubongo za wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Ni protini nyingine, alfa-sinukleini, na ni ndugu wa karibu wa Parkinson. Nyinyi nyote mnaosoma, shikeni hili hata mkisahau mengine yangu: mzee anayeona watoto au wanyama wasiokuwepo, aliyekakamaa mwili, asidungwe haloperidoli kabla mtu hajafikiria Lewy. Mwambieni daktari kwa adabu, lakini mwambieni.

#15 Mama_Wawili (Nakuru)

Na ambao hawasahau kabisa? Mume wangu ana 56. Anajua tarehe zote, hesabu zote. Lakini alikuwa mweka hazina wa kanisa, mtu mpole, ghafla ananyakua nyama kwenye sahani za wageni, anamtania mama yangu mzazi matusi, anakula sukari kwa kijiko. Walisema ni mwanamke wa nje. Wakasema amepewa kitu. Nilimfuata mtaani miezi sita nikitafuta huyo mwanamke.

#16 Sista_wa_Zamu

Dadangu, nenda naye kwa daktari wa ubongo, na wewe ndiwe ueleze, kwa sababu yeye atasema yuko sawa na atapita mtihani wa kumbukumbu. Kuna aina inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo na pembeni, panapokaa aibu, subira na lugha. Huwashika wengi wao kati ya miaka 45 na 65. Arnold Pick aliieleza tangu 1892. Sisemi ndiyo hiyo, huzuni nzito nayo humbadilisha mtu. Ila acha kumtafuta mwanamke.

#17 Nyar_Alego (Siaya)

Kuhusu HIV nisemee watu wangu, maana huku ndiko tuliko wengi. Kirusi huingia ubongoni mapema, si mwisho. Zamani za kabla ya ARV tuliwaona vijana wa thelathini wakizungumza kama wazee wa tisini. Sasa ile kali ni adimu kwa anayemeza dawa vizuri, lakini wepesi wa akili unaweza kupungua: anasahau miadi, anachanganya vidonge, na akichanganya vidonge kirusi kinapanda. Tunaozeeka na HIV sasa tuna presha na sukari juu yake. Mimi nina 61 na nimeweka saa ya mjukuu inilie kila saa tatu usiku.

#18 Jabilo_wa_Mjini

Sasa mmetaja magonjwa kumi na tano. Mzizi ni mmoja.

#19 Mjukuu_wa_Guka

Jabilo, guka alikunywa mzizi kama huo wiki mbili damu ikiwa kichwani. Nyamaza kidogo.

#20 Nyar_Seme

Mmenifanya nisilale. Nina swali la uoga. Mimi nina 47. Nitarithi?

#21 Mzee_wa_Kuku

Kila binti huuliza hivyo, na mara nyingi huuliza akiwa amesimama mlangoni anaondoka.

Kuna jeni tatu, APP na presenilini mbili, ambazo ukirithi moja iliyoharibika utaugua karibu kwa hakika, tena mapema, arobaini au hamsini. Ni familia chache mno, chini ya asilimia moja ya wagonjwa wa Alzheimer. Mama aliyeanza na miaka 72 hayumo humo. Kuna jeni nyingine, APOE aina ya 4, inayoongeza uwezekano bila kuamua chochote, na kwa wale Wayoruba wa Ibadan uzito wake ulionekana mdogo kuliko kwa wazungu.

Kisha kuna yale ambayo hayako kwenye damu ya ukoo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilihesabu mambo 14 na kusema, yote yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Presha na sukari, bila shaka. Sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, lehemu, unene, kukaa bila kutembea, hewa chafu, huzuni, upweke, kukosa shule utotoni. Na mawili ambayo watu hunicheka nikiyataja: masikio na macho. Asiyesikia huacha kuzungumza, asiyezungumza ubongo wake unakosa kazi. Ulisema masikio ya mama ni mazito tangu zamani, ukapita kama mtu anayetaja rangi ya paka. Rudi hapo.

Na wewe kapime presha. Leo, si mwezi ujao.

#22 Nyar_Seme

Nimerudi baada ya miezi mitatu, samahani kwa kimya. Majibu ni haya.

CT iligharimu elfu nane na mia tano, ndugu tulichanga, mmoja hajatuma hadi leo na anajijua. Damu ya kisimani haikuwepo. Kulikuwa na alama nyingi ndogo za viharusi ambavyo hakuna aliyeviona, na ubongo umejikunja kuzunguka ile hipokampasi ya Mzee. B12 ilikuwa chini mno. Tezi nzuri, kaswende hapana, HIV hapana (aliguna kweli). Daktari, huyu wa sasa alimgusa, tena alimvua viatu, alisema ni mchanganyiko: mishipa, na kuna uwezekano mkubwa wa Alzheimer, na B12 juu yake. Presha ilikuwa ikicheza 170, tumeishusha. Sindano zinaendelea. Ameandikiwa donepezili, akatuambia kweli kwamba haiponyi, kwa wengine husaidia kidogo kwa muda.

Piriton tulitupa siku ile ile. Masikio, jamani: ilikuwa nta. Sikio la kulia lilitolewa kipande kama kokwa la zambarau. Alipofika nyumbani alilalamika kwamba sufuria zangu zina kelele.

Hajapona. Bado ananiita jina la dada yake. Lakini ganzi imepungua na usiku hutoka mara chache. Tumegundua jioni tukiwasha taa mapema na kumpa omena achambue, hatafuti nyumbani. Anachambua hadi saa mbili, zile zile, namrudishia karai.

Sista aliniandikia barua ya kueleza ugonjwa, nikaipeleka kwa chifu, akaisoma barazani. Wengine walisikiliza. Wengine walitazama miti. Jumapili iliyopita yule jirani aliyepiga mayowe alikuja Migosi na jogoo. Alikaa pembeni ya kiti hajui aanzie wapi. Mama alimtazama muda mrefu. Jina lake hakulipata. Kisha akaniuliza kwa Kijaluo, kwa sauti ya Kibuye kabisa, "Huyu amelipa zile gorogoro mbili?"

Jirani alicheka, akasema hiyo ilikuwa 2009. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono hadi akapewa mia tatu, akazihesabu, akazifunga kwenye ncha ya leso.